Maswali ya Wasomaji: Maganda ya Mpunga na Rangi Iliyoikataa Pamba

Barua za safari hii zote zinagusa jambo moja: iwapo masalia ya mazao, yaani maganda, magunzi, vifuu na makapi ambayo mara nyingi huchomwa moto au kuachwa yaoze, yanaweza kusafisha majitaka yanayotoka mahali pa kutia rangi vitambaa. Barua ya kwanza tumeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa kuwa ndani yake limo kosa linalowapotezea watafiti chipukizi miezi mingi ya kazi.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kemia. Katika mradi wangu nilitumia maganda ya mpunga yaliyosagwa kuondoa methilini bluu katika maji, na zaidi ya asilimia 90 ya rangi ilitoweka kwa muda wa saa moja. Nilipoyajaribu maganda hayohayo katika majitaka halisi kutoka karakana ya kutia rangi vitambaa vya pamba, maji yalibaki na rangi yake karibu yote. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu mwanafunzi, vipimo vyako havina kasoro. Tatizo lipo katika kuzichukulia rangi zote kuwa kitu kimoja, na ili uone ni wapi njia zilipoachana, inafaa kwanza tukumbuke ni nini hasa hutokea unga wa maganda unapotiwa katika maji ya rangi.

Molekuli za rangi hazijai ndani ya ganda kama maji yanavyojaa katika sifongo. Hunaswa juu ya uso wake na kwenye kuta za vinyweleo vyake. Wanakemia huliita tendo hilo adisopsheni, jina lililoanza kutumiwa na Mjerumani Heinrich Kayser mwaka 1881, ingawa tendo lenyewe lilikwisha kuonekana kabla ya hapo: mwaka 1785 mwanakemia Tobias Lowitz aligundua kuwa unga wa mkaa huondoa uchafu wenye rangi katika mmumunyo wa asidi ya tartari. Kinachoamua iwapo molekuli itanaswa au itapita ni mvuto uliopo baina yake na uso huo, na ndani ya maji mvuto wa kwanza kuuangalia ni ule wa chaji za umeme.

Ganda la mpunga, sawa na gunzi au makapi ya miwa, limejengwa kwa selulosi, hemiselulosi na lignini, ambazo ndizo dutu zinazojenga miili ya mimea, na uso wake umejaa makundi ya kikemia yenye oksijeni ambayo, katika maji yasiyo na asidi nyingi, huachia ioni za hidrojeni na kuuacha uso huo ukiwa na chaji hasi. Methilini bluu, kwa upande wake, ina chaji chanya. Viwili hivyo vikikutana huvutana, na ndiyo maana ukitia kijiko cha unga wa maganda katika glasi ya methilini bluu na kukoroga, utaona unga wenyewe ukigeuka buluu iliyoiva huku maji yakififia mbele ya macho yako. Ni miongoni mwa rangi zinazonaswa kwa urahisi mno, na maabara huipenda kwa sababu hiyo pia, lakini kuyapima maganda kwa rangi hiyo peke yake ni sawa na kumpima mwogeleaji katika maji yanayomfika magotini.

Vitambaa vya pamba kwa sehemu kubwa hutiwa rangi za kundi jingine, ziitwazo rangi tendaji, ambazo ziliingia sokoni mwaka 1956. Sifa yake ni kwamba hujifunga kwenye selulosi kwa kifungo cha kikemia, na kwa hiyo hazichujuki upesi nguo inapofuliwa. Molekuli zake hupewa makundi ya salfoneti yenye chaji hasi ili ziyeyuke vizuri majini. Maganda yako ni hasi, rangi ni hasi, na vitu vyenye chaji zinazofanana husukumana.

Hapa pana jambo ambalo ningependa ulitafakari kwa makini. Pamba nayo ni selulosi, kwa zaidi ya asilimia 90, na ikiwa majini nayo huwa na chaji hasi. Ndiyo sababu fundi wa kutia rangi huongeza chumvi nyingi katika beseni lake, mara nyingi gramu 30 hadi 100 kwa kila lita, ili kupunguza msukumano huo na kuisogeza rangi kwenye uzi. Kisha hutia alkali mpaka kipimo cha pH, kinachoonyesha asidi na alkali ya maji, kifike 10 au 11, ndipo kifungo kitokee. Wakati huohuo baadhi ya molekuli za rangi hujifunga na maji badala ya pamba, na zikishafanya hivyo haziwezi tena kujifunga na uzi. Hizo ndizo zinazosuuzwa na kuishia katika majitaka. Kwa hiyo rangi uliyoletewa katika chupa kutoka karakanani ni ile ambayo pamba, selulosi iliyo karibu safi, imeshindwa kuishika kwa kudumu hata kwa msaada wa chumvi, nawe ukaitarajia ishikwe na maganda ambayo selulosi yake ni kama theluthi tu.

Zipo njia za kuligeuza jambo hili. Unaweza kuyatia maji asidi mpaka pH ishuke kufikia 2 au 3, ambapo uso wa maganda hupokea ioni za hidrojeni na kuanza kuivuta rangi. Katika chupa ya maabara njia hiyo hufanya kazi vizuri, lakini majitaka ya karakana yana alkali nyingi, hivyo asidi itakayohitajika ni nyingi vilevile, na baadaye utalazimika kuongeza alkali tena kabla ya kuyamwaga, nayo maji yatazidi kuwa na chumvi. Mimi binafsi siipendekezi. Njia ya pili ni kuyapa maganda yenyewe chaji chanya kwa kuyaunganisha na kemikali zenye naitrojeni. Matokeo yake huwa mazuri, ila baadhi ya kemikali hizo ni sumu, na gharama yake hufuta ile faida ya kutumia kitu kinachotupwa. Ya tatu ni kuyachoma maganda katika chombo chenye hewa kidogo mno hadi yawe mkaa, kwa sababu uso wa mkaa, wenye pete nyingi za kaboni, huzivuta pete za molekuli za rangi bila ya kutegemea chaji peke yake. Kama ratiba ya mradi wako inaruhusu, anzia hapo.

Na kabla ya kufanya lolote, rudi karakanani uulize ni rangi ya kundi gani inayotumika. Rangi za poliesta, kwa mfano, haziyeyuki sana majini; huelea kama chembe ndogo mno, na shabu, yaani salfeti ya alumini, huzigandisha na kuzitulizisha chini kwa urahisi kuliko ganda lolote.

SWALI: Nikisoma tafiti za masalia ya mazao nakuta karibu kila moja inadai kuondoa asilimia 95 au 98 ya rangi. Nitajuaje lililo bora kuliko jingine?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa asilimia hutajua. Asilimia peke yake haikuambii ni unga kiasi gani uliotumika, na mtu akiongeza unga wa kutosha anaweza kuyafanya karibu maji yoyote yaonekane meupe.

Chukua lita 1 ya maji yenye miligramu 100 za rangi. Ukitia gramu 2 za unga wa magunzi na zikabaki miligramu 20 majini, umeondoa asilimia 80, na kila gramu ya unga imebeba miligramu 40. Mwenzako akitia gramu 20 katika maji yaleyale na zikabaki miligramu 2, atatangaza asilimia 98, ilhali kila gramu yake imebeba miligramu 4.9 tu. Wa pili ameandika namba kubwa na wa kwanza ana unga unaobeba rangi mara nane zaidi katika majaribio hayo, japokuwa maji yake yalibaki na rangi nyingi zaidi. Basi tafuta namba ya miligramu kwa gramu, na uangalie ilipatikana rangi ikiwa imebaki kiasi gani majini, kwa sababu unga huohuo hubeba kidogo zaidi kadiri maji yanavyozidi kuwa safi. Uhusiano huo ndio unaoonyeshwa na mlinganyo wa mwanakemia Irving Langmuir wa mwaka 1918, ambao utaukuta katika karibu kila utafiti wa aina hii.

Jihadhari pia na rangi zinazobadilika zenyewe. Nyekundu ya Kongo huwa nyekundu katika maji ya kawaida, lakini pH ikishuka chini ya 3 hugeuka buluu. Mtafiti anayepima wekundu wa maji kwa spektrofotomita, yaani kifaa kinachopima mwanga unaonyonywa na maji, bila ya kurekebisha pH anaweza kuandika kwamba rangi imetoweka, kumbe yote imo mlemle ndani ya chupa na imevaa sura nyingine.

SWALI: Niliyaloweka maganda ya karanga katika maji safi ili nione kama ni masafi, nayo maji yakawa ya kahawia kama chai. Nimeharibu wapi?

JIBU: Hujaharibu kitu. Hizo ni tanini na sukari zinazotoka kwenye mmea wenyewe, na umefanya vyema kuligundua hilo mapema, kwa sababu wako wanaoondoa rangi moja na kuongeza nyingine bila ya kujua. Yaoshe kwa maji ya moto, uyamwage, urudie mpaka maji ya kuoshea yatoke meupe, kisha yakaushe kabla ya kuyasaga na kuyachekecha. Katika kila jaribio weka chupa moja ya maji safi yenye unga na isiyo na rangi. Hiyo ndiyo itakayokuonyesha unga wako unatoa nini.

SWALI: Je, mkaa wa kawaida wa kupikia hauwezi kufanya kazi hii? Na ni kweli kwamba mkaa wa vifuu vya nazi ndio bora kuliko yote?

JIBU: Mkaa wa kupikia hunasa rangi kidogo. Ukiupasua kipande na kukitazama kwa lenzi utaona mirija ya mti uliotoka, ambayo ni mikubwa mno kwa kazi hii, na vinyweleo vidogo vyenye manufaa mara nyingi vimezibwa na lami iliyoganda wakati wa kuchoma. Mkaa amilifu hupatikana kwa kuupitishia mkaa mvuke wa maji katika joto la nyuzi za Selsiasi 800 hadi 900 hivi, au kwa kuyaloweka masalia katika asidi ya fosforasi na kuyachoma katika joto la chini ya hapo. Mvuke huo huila sehemu ya kaboni na kuzifungua njia zilizozibwa, hata gramu moja ikawa na uso wa ndani wa mita za mraba 500 hadi 1,500. Kinachouzwa kwa jina hilo kimepita katika tanuri ya aina hiyo, na moto wa nyumbani haufiki huko kwa utulivu unaotakiwa.

Kuhusu vifuu, sifa zake ni za kweli lakini haziendi kila mahali. Kifuu ni kigumu na kizito, na mkaa wake amilifu huwa na vinyweleo vyembamba mno, vingi vikiwa na upana wa chini ya nanomita 2 (nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Vinyweleo hivyo hufaa sana kuondoa molekuli ndogo, kama zile za klorini na za harufu mbaya katika maji ya kunywa. Molekuli za rangi tendaji ni kubwa, tena hupenda kukusanyika pamoja, kwa hiyo nyingi hufika mlangoni na kushindwa kuingia, na uso mkubwa wa ndani ulioandikwa kwenye gunia haukusaidii kitu. Kwa rangi, mkaa wenye vinyweleo vya wastani, wa nanomita 2 hadi 50, mara nyingi hushinda hata kama jumla ya uso wake ni ndogo. Masalia ya mti au ya mazao yaliyotayarishwa kwa asidi ya fosforasi huweza kutoa vinyweleo vya namna hiyo.

SWALI: Karakana yetu hutoa maji ya rangi yapatayo lita 10,000 kwa siku. Magunzi tunayo mengi bila ya gharama. Tuanzie wapi?

JIBU: Mwenye karakana, anzia ndani ya karakana kabla ya kufika kwenye magunzi. Yatenge maji ya beseni la rangi na ya msuuzo wa kwanza, ambayo ndiyo yenye rangi nzito, na ya misuuzo ya mwisho, ambayo mara nyingi huweza kutumika tena kuwa msuuzo wa kwanza wa fungu linalofuata. Kiasi cha maji ya kusafisha kitapungua kabla hujanunua hata pipa moja.

Baada ya hapo fanya hesabu, na mimi nitachukua mfano wa magunzi yanayobeba miligramu 40 kwa gramu, ambao kwa rangi tendaji na magunzi ghafi ni wa kutumainia mno. Kama maji yako yana miligramu 100 za rangi kwa lita nawe unataka kuziondoa 80, kwa lita 10,000 utaondoa gramu 800 za rangi kila siku, na utahitaji angalau kilo 20 za magunzi makavu yaliyosagwa. Kwa siku 26 za kazi ni kilo 520, na yakitoka majini uzito wake utakuwa mara kadhaa ya huo. Je, una mahali pa kuyakausha na kuyaweka? Nakuuliza hivyo kwa sababu mipango ya namna hii huweza kukwama kwenye rundo la unga uliolowa kabla ya kukwama kwenye kemia. Tena zile miligramu 20 zilizobaki bado zitaonekana, maana jicho la binadamu hutambua baadhi ya rangi hata zikiwa chini ya miligramu 1 kwa lita.

Kwa hiyo usikoroge unga ndani ya tangi na kuungoja utulie. Ujaze katika bomba pana lililosimamishwa wima, uyapitishe maji polepole ndani yake. Maji mazito hukutana kwanza na unga uliokwisha kushiba, na kadiri yanavyosafika hukutana na unga mpya zaidi, hivyo unga wote hutumika mpaka mwisho wake. Weka mabomba mawili yanayofuatana, na rangi ikianza kuonekana inapotoka bomba la kwanza, utaondoa unga wa hilo, utalisogeza la pili mahali pake, na kuweka jipya nyuma. Chembe ziwe za ukubwa wa kati, kama za mchanga wa kawaida: zikiwa vumbi bomba litaziba, zikiwa vipande rangi haitapata muda wa kufika ndani.

Usisahau kwamba majitaka yako yana vitu vingine: wanga uliopakwa kwenye uzi, sabuni, na ile chumvi tuliyoitaja. Wanga na sabuni vitaushika uso wa magunzi kabla ya rangi na kuziba bomba lako, kwa hiyo ni lazima maji yatulizwe, yachujwe, na ikiwezekana yapite kwanza kwenye bwawa lenye vijidudu vinavyoula uchafu huo. Magunzi yaje mwishoni. Chumvi haitaguswa na gunzi wala mkaa. Maji yatatoka meupe na bado yataweza kuua mimea uliyoikusudia kuimwagilia, na jambo hilo ninakuomba ulipime kabla ya kumwelekezea mtu yeyote mfereji wako.

SWALI: Tukishamaliza, yale masalia yaliyojaa rangi yanaweza kulishwa mifugo au kufanywa mboji? Yalikuwa chakula cha mifugo tangu awali.

JIBU: Hapana, kwa yote mawili, na katika barua zote hii ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi.

Kunasa rangi si kuiharibu. Kila miligramu iliyotoka katika maji imo ndani ya unga, na yote imekusanyika mahali pamoja. Rangi nyingi za vitambaa ni za azo, yaani sehemu mbili za molekuli zimeunganishwa kwa atomu mbili za naitrojeni, na mahali pasipo na oksijeni, kama vile tumboni mwa ng'ombe au katikati ya rundo la mboji lililolowa, bakteria hukikata kiungo hicho. Rangi hupotea, na badala yake hubaki kemikali ziitwazo amini za kunukia, ambazo baadhi yake husababisha saratani. Nyekundu ya Kongo, ambayo tumeitaja hapo juu, ikikatwa hivyo hutoa benzidini, ambayo uwezo wake wa kusababisha saratani ya kibofu cha mkojo kwa binadamu umethibitishwa. Mkulima atakayeuona unga huo umepoteza rangi ataamini kuwa umekuwa salama wakati ambapo ndipo umekuwa hatari zaidi.

Kuusafisha unga kwa kostiki soda au asidi ili utumike tena kunawezekana, lakini rangi itakayotoka itakuwa katika maji machache na mazito, na hayo nayo yanahitaji mahali pa kwenda. Unga wenyewe hupoteza nguvu kila unaporudiwa. Kuuchoma katika jiko la nyumbani au shimoni ni makosa, kwa kuwa baadhi ya rangi tendaji zina klorini na nyingine zimeundwa na shaba, kromi au kobalti, na metali hizo hubaki katika jivu. Tanuri za saruji, ambamo malighafi hufikia joto la zaidi ya nyuzi 1,400, huweza kuuteketeza kama zina idhini ya kupokea taka za aina hiyo, na kama hazipo karibu nawe, unga huo unapaswa kushughulikiwa kama taka hatari kwa kufuata taratibu za mamlaka ya mazingira.

Mpaka hapo utakapopata pa kuupeleka, ukaushe juu ya sakafu ya saruji yenye mfereji unaoyarudisha maji katika tangi, uutie katika magunia yasiyopitisha maji, na kila gunia liandikwe jina la rangi iliyomo na tarehe. Usiuache nje mvua ikaunyeshea, kwa sababu maji yatakayotiririka kutoka humo yataibeba tena rangi uliyokwisha kuhangaika kuitoa.